Karatasi ya mjomba ilikuwa na tiki kila mstari

Mjomba wangu alifariki ghafla akiwa na miaka 53, na kwenye pochi yake tukakuta karatasi ya maabara imekunjwa mara nne, haijamaliza hata miezi miwili. Kolesteroli kawaida, sukari kawaida, figo kawaida, pembeni ya kila mstari kuna tiki ya bluu. Presha tu ndo ilikuwa juu kidogo, kile kidogo ambacho mtu unaambiwa punguza chumvi halafu uje baadaye. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo, nimeisoma mara nyingi kweli, nilikuwa natafuta imekosea wapi. Haikukosea popote. Kila namba pale ilikuwa ya kweli, ila kuna vitu hakuna aliyeviuliza.

Na hilo ndo linaloniuma. Tunapima watu moyo kwa maswali ya zamani tu wakati maswali mapya yapo, na moja wapo unaliuliza mara moja tu maisha yako yote.

Sidharau ya zamani. Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham kule Marekani, na kazi ile ndo ilituonyesha kwamba presha, sigara, kolesteroli na sukari vinaua moyo miaka mingi kabla ya maumivu ya kwanza. Vikokotoo vyote vya leo ambavyo daktari anaingiza umri wako na presha yako halafu vinatoa asilimia, mizizi yake iko hukohuko. Shida ni kwamba umri unabeba uzito mkubwa sana kwenye hiyo hesabu, kwahiyo mtu wa miaka 41 anaweza kuwa na damu mbaya kabisa na bado kikokotoo kikamwambia hatari yake kwa miaka 10 ijayo ni ndogo. Halafu hata ikitoka asilimia 7, maana yake chukua watu 100 wenye namba kama zako, 7 kati yao watapata tatizo. Wewe uko na wale 7 au na wale 93, hapo hesabu haina jibu.

Sasa twende kwenye damu. Ile LDL, lehemu mbaya tunayoijua wote, inapima ni kolesteroli kiasi gani imebebwa. Haihesabu vibebeo, yaani vile vifurushi vidogo vinavyoisafirisha kwenye damu, viko vingapi, na kinachopenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo ni hicho kibebeo chenyewe. Kila kibebeo kibaya kina protini moja tu inayoitwa apo-B, moja, wala si mbili, kwahiyo ukipima apo-B umehesabu vibebeo. Watu wawili wanaweza kuwa na LDL sawasawa, mmoja akawa na vibebeo vingi vidogovidogo vilivyobeba kidogokidogo, na huyo ndo yuko pabaya. Inatokea sana kwa wenye kisukari, wenye mafuta ya tumbo na wenye trigliseridi za juu, yaani mafuta mengine ya kwenye damu. Na kuna utafiti wa Marekani uliangalia wagonjwa zaidi ya laki moja na thelathini elfu waliolazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo ukakuta karibu nusu yao LDL ilikuwa chini ya 100, namba ambayo huwa tunaambiwa ni nzuri. Nusu! Mimi nikisikia mtu anasema "kolesteroli yangu iko poa" nanyamaza kwanza.

Halafu kuna Lp(a). Mnorwe Kåre Berg aliigundua mwaka 1963, na mpaka leo watu wengi hawajawahi hata kusikia jina lake. Ni kibebeo kama LDL ila kimevishwa protini ya ziada inayokifanya kishikamane na ukuta wa mshipa na kuamsha uvimbe humo ndani. Kiwango chako unarithi kwa wazazi, kinatulia ukiwa bado mtoto mdogo na kinakaa hapohapo, ule mboga usile, ukimbie usikimbie, hakisogei cha maana. Karibu mtu mmoja kati ya watano anacho juu, yaani kuanzia 50 ukipimwa kwa miligramu au 125 ukipimwa kwa nanomoli, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani tunacho juu kuliko Wazungu. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2022 walisema wazi kila mtu mzima apimwe angalau mara moja. Kwenye karatasi ya mjomba huo mstari haupo.

CRP nayo, protini nyingine inayopimwa kwenye damu, ni nzuri ila inataka akili. Inaonyesha kama mwili una uvimbe unaofukuta chinichini, na plaki, yale mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa, inapasuka kirahisi kama kuna huo moto. Chini ya 1 ni vizuri, juu ya 3 si vizuri. Lakini ukipima ukiwa na mafua au jino linauma inaruka tu, ikizidi 10 rudi upime tena ukishapona, usianze kulia. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya wanawake 27,939 wa Marekani waliotolewa damu mara moja wakiwa wazima halafu wakafuatiliwa miaka 30, na vitu hivi vitatu, CRP, LDL na Lp(a), kila kimoja kilionyesha hatari kivyake, na vikiwa juu vyote pamoja ndo mbaya zaidi. Tone moja la siku moja, miaka 30! Mi hilo liliniondolea kabisa wasiwasi kwamba hivi vipimo ni biashara tu.

Baada ya kusoma hayo yote nikaenda nikapima. LDL yangu ya kawaida kabisa, Lp(a) 168 nanomoli. Nina miaka 44. Daktari akaniambia sasa hapa uko katikati, kikokotoo kinasema subiri, hii inasema usisubiri, tuangalie mishipa yenyewe.

Skani ya kalsiamu, picha inayotafuta chokaa kwenye mishipa ya moyo, ni kitu kifupi sana. Unalala chali, fundi anakubandika waya kifuani ili mashine ipige picha katikati ya mapigo wakati moyo umetulia, mikono juu ya kichwa, meza inaingia kwenye lile duara, unaambiwa vuta pumzi, shika, sekunde chache, achia. Hakuna dawa ya kuchoma mshipani, na mionzi ni kidogo ukilinganisha na skani nyingi za CT. Akanionyesha kwenye skrini. Mbavu nyeupe, uti wa mgongo mweupe, na katikati ya moyo uliokuwa wa kijivu, kwenye mshipa unaoshuka mbele, kidoa kimoja cheupe kama punje ya mchele. Cheupe kilekile cha mfupa, maana ni kalsiamu ileile. Nilikiangalia nikamkumbuka mjomba.

Hizo doa zinajumlishwa kwa hesabu ya daktari wa moyo Arthur Agatston na wenzake ya mwaka 1990, unapata namba. Sifuri hakuna kalsiamu iliyoonekana, 1 mpaka 99 ni kidogo, 100 kwenda juu ni jambo la kushughulikia, 400 na zaidi ni nyingi. Mimi nikapata 61, ambayo kwa mzee wa 70 ingekuwa habari njema ila kwa umri wangu hapana.

Hapa ndo nataka watu wanielewe, kwasababu skani inapendwa vibaya. Kalsiamu ni kovu, plaki iliyokaa muda mpaka ikapata chokaa. Ile laini, mpya, inayoweza kupasuka kesho, hii skani haiioni. Kwahiyo sifuri kwa mtu wa miaka 60 ni habari nzuri kwelikweli, hatari yake kwa miaka mingi ijayo iko chini, lakini sifuri kwa kijana wa 35 anayevuta sigara mwenye Lp(a) ya juu haina maana kubwa, bado mapema tu. Na ukianza statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, usirudi kila mwaka kuangalia kama namba imeshuka, haishuki, mara nyingi inapanda kwasababu dawa inafanya plaki laini iwe ngumu, na ngumu ndo unayoitaka.

Wala usidanganyike na kile kipimo cha kukimbia kwenye mashine. Kinatafuta mshipa uliobana sana, na mishtuko mingi inatokea kwenye plaki ambayo haikubana sana, inapasuka, donge la damu linaganda juu yake na kuziba njia. Mtangazaji Tim Russert wa Marekani alifaulu hicho kipimo mwishoni mwa Aprili 2008, Juni akafariki kazini kwa mshtuko wa moyo, miaka 58. Skani yake ya mwaka 1998 ilikuwa 210, na alikuwa anatibiwa. Skani inakuonyesha ugonjwa upo. Siku haikuambii. Na kama kifua kinakubana sasa hivi, achana na haya yote, kimbia dharura.

Watu wananiambia sasa kama Lp(a) haishuki kwa chakula wala statini, ujue ili iweje? Ni kweli dawa zake mahususi bado ziko kwenye majaribio. Ila mimi kwa kujua nimeanza statini miaka kumi kabla ya kikokotoo kuniruhusu, LDL yangu tunaisukuma chini kuliko ya mtu mwingine, presha yangu hatuiachii ile "kidogo tu", na sigara niliyokuwa navuta kwenye sherehe imeisha. Mjomba angefanya hayo. Namjua, alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, angepewa sababu angefuata.

Na kwakuwa ni ya kurithi, siku ileile niliwapigia ndugu zangu. Mama aligoma mwanzoni, akasema kwenye umri wake hataki kutafuta magonjwa, baadaye akakubali, 190. Mdogo wangu alinitumia picha ya majibu yake jana usiku, hana maelezo yoyote, ile namba tu. 22. Mama mmoja, baba mmoja. Leo asubuhi kanipigia kuuliza watoto wangu nawapeleka lini.