Kwenda likizo ng'ambo na mbwa: masharti yanamlinda nani?

Kila majira ya joto yakikaribia, wenye mbwa nchini Uingereza hurudi kwenye mjadala uleule: twende naye Ufaransa au Hispania, au tumwache kwa mtu? Siku hizi mjadala umemezwa na habari za karatasi na pesa. Tangu Januari 1, 2021, pasipoti za wanyama zilizotolewa Uingereza hazitambuliwi katika Umoja wa Ulaya. Badala yake kuna cheti cha afya ya mnyama, kinachotolewa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, ndani ya siku 10 kabla ya kuvuka. Cheti hicho ni cha safari moja tu. Ukirudi nyumbani kazi yake imekwisha, na mwakani ukitaka kwenda tena utalipia kingine, mara nyingi kati ya pauni 100 na 250 kutegemea kliniki.

Malalamiko juu ya gharama hiyo yana haki. Hata hivyo naona kuna swali zito zaidi ambalo halipewi nafasi yake: je, masharti haya yamewekwa kwa faida ya mbwa?

Tuanzie yalikotoka. Uingereza ilitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 1902. Kikarudi mwaka 1918 na mbwa walioletwa na wanajeshi waliotoka vitani, kikatokomezwa tena mwaka 1922. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, mbwa aliyetoka nje alifungiwa karantini miezi sita bila kujali umri wala afya yake. Mwaka 1969 mbwa mmoja wa Camberley, katika jimbo la Surrey, aliyekuwa ametoka Ujerumani na kumaliza karantini yake yote, aliugua kichaa muda mfupi baada ya kuachiwa, na hofu ikatanda nchi nzima. Hali ilikuja kubadilika kwa sababu ya mbweha wa bara la Ulaya, ambao ndio waliokuwa wakisambaza kichaa. Kuanzia mwaka 1978 nchini Uswisi, kisha katika nchi za jirani, chambo zenye chanjo zilitawanywa porini hadi ugonjwa ukafifia sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Ndipo Februari 28, 2000 Uingereza ikafungua mpango wa kusafiri na wanyama bila karantini.

Wanaotetea kusafiri na mbwa wana hoja nzito, na mimi nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja zao. Mbwa mzee aliyezoea kulala chini ya kitanda cha mwenyewe anaweza kugoma kula akipelekwa kwenye kituo cha kulea mbwa. Safari yenyewe, ukienda kwa gari, si ya mateso. Treni inayobeba magari kutoka Folkestone, Uingereza, hadi Calais, Ufaransa, huchukua dakika 35 hivi chini ya bahari, na mbwa hukaa kwenye kiti chake cha kila siku, pembeni mwa watu wake. Wakati wa kurudi, kwenye jengo la ukaguzi upande wa Calais, unakabidhiwa kifaa cha kusomea chipu, kidude chenye namba kilichowekwa chini ya ngozi ya mbwa, nawe unakipitisha kati ya mabega ya mbwa. Kinalia, namba inatokea, inalinganishwa na iliyoandikwa kwenye cheti. Karani anatazama tarehe: chipu iwe imewekwa kabla ya chanjo ya kichaa au siku ileile, na baada ya chanjo ya kwanza ziwe zimepita siku 21 kabla ya safari. Ukiwa umejipanga, hakuna la kutisha hapo.

Anachokitafuta zaidi karani huyo ni muhuri wa dawa ya minyoo, na hapa ndipo swali langu linapopata jibu. Kabla ya kurudi Uingereza, mbwa lazima apewe dawa ya tegu na daktari wa mifugo, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia nchini. Tegu anayelengwa huishi ndani ya mbweha na mbwa huko bara, na mbwa mwenyewe kwa kawaida hadhuriki hata kidogo. Anayedhurika ni binadamu akimeza mayai yake: yanamea ndani ya ini mithili ya saratani, taratibu, kwa miaka. Uingereza haina tegu huyo na inataka ibaki hivyo. Ni sharti zuri, nami nalitetea bila kusita. Ila ni sharti la kumlinda mtu na nchi.

Sasa geuza upande wa pili, uone ni nini kinachomuumiza mbwa wa Kiingereza akifika Hispania, Ureno au kusini mwa Italia. Kuna usubi wanaoruka jioni na kuambukiza leishmania, ugonjwa wa jamii moja na kalaazar inayofahamika vizuri Baringo na Turkana nchini Kenya. Dalili zinaweza kuchelewa miezi au hata miaka: manyoya kunyonyoka kuzunguka macho, kukonda, figo kulegea. Matibabu hupunguza makali, lakini mara nyingi hayaondoi vimelea kabisa. Kuna minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Kuna kupe wenye babesia, vimelea vya damu ambavyo ugonjwa wake unaweza kumuua mbwa kwa siku chache. Halafu kuna joto lenyewe, kwa mnyama anayejipoza zaidi kwa kuhema, hasa wale wa pua fupi. Katika yote haya, mpakani hakuna swali hata moja. Mbwa anaweza kuwa na kila muhuri unaotakiwa na asiwe na kinga yoyote dhidi ya usubi.

Wala hatari haiishii kwa mbwa aliyesafiri. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, mbwa kadhaa wa Harlow, Essex, waliugua babesia ilhali hawajawahi kutoka nje ya Uingereza. Kupe wenye vimelea hivyo walikuwa wameshajikita hapo hapo.

Kwa hiyo, kwangu mimi, mwezi mzima Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, au Uholanzi kwa gari ni safari ya kwenda na mbwa, gharama ya cheti na yote. Wiki moja ya Agosti kwenye pwani ya Mediterania ni safari ya kumwacha. Fukwe nyingi huko huwazuia mbwa majira ya joto, kwa hiyo atashinda ndani ya chumba cha kupanga huku familia iko majini. Na kwa ndege ni vigumu zaidi, kwa sababu kuingia Uingereza mbwa hupitishwa kama mzigo, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Kumfungia mnyama kwenye kreti sehemu ya mizigo ili tu familia ipige naye picha wiki moja, hilo siwezi kulitetea.

Kwa ndugu zetu wanaotaka kwenda naye Mombasa au Dar es Salaam, milima ni mirefu zaidi. Nchi zetu bado zina kichaa cha mbwa, hivyo Uingereza hudai pia kipimo cha damu, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo. Kipimo hicho kikishughulikiwa baada ya kuondoka, mbwa husubiri miezi mitatu ndipo aruhusiwe kurudi. Kwa anayehamia nyumbani, sawa, panga mapema. Kwa likizo ya Krismasi, muachie jirani unayemwamini.

Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imekubaliana na Umoja wa Ulaya kurejesha pasipoti za wanyama, ili kila safari isidai cheti kipya. Nafuu hiyo nitaifurahia. Lakini leo, ubaya wa cheti ukiwa mwingi, angalau kinamkalisha mwenye mbwa mbele ya daktari kabla ya kila safari, na hapo ndipo nafasi ya kuuliza habari za mkanda wa shingoni wa kufukuza usubi, dawa ya kupe na kinga ya minyoo ya moyo. Pasipoti itaondoa miadi hiyo. Anayeelekea kusini itabidi aiweke mwenyewe, na wiki kadhaa kabla, kwa sababu chanjo ya leishmania haianzi kukinga ndani ya siku mbili.