Mwenye deni akinunua gari

Mtu akijulikana ana madeni, kisha akaonekana anashuka kwenye gari, hukumu hutoka kabla hajafunga mlango. Hela ya mafuta anayo, ya kulipa watu hana. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wenye nia njema kabisa, na hoja yao ina uzito. Dawa ya deni kulipa. Deni likiwa linatozwa riba ya 24% kwa mwaka, kila senti unayoipeleka huko inakuokolea hiyo 24% bila kubahatisha, na hakuna biashara ya mtu wa kipato kidogo inayoahidi faida ya uhakika kiasi hicho. Gari nalo hushuka thamani hata likiwa limesimama tu. Jipya hupoteza takriban moja ya tano ya bei yake ndani ya mwaka wa kwanza. Ongeza mafuta, bima, tairi, na betri inayokufa asubuhi ile ile uliyochelewa.

Mpaka hapo niko nao. Tunaachana wanapohesabu gharama za kuwa na gari, halafu wakachukulia kwamba kukaa bila gari ni bure.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akitoka kazini saa sita usiku, wakati ambao usafiri wa umma umeshalala. Alikuwa na njia tatu: akodi gari la mtu, amsubiri mwenzake mwenye gari amalize, au aikatae zamu hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa na posho. Hela ya kukodi kwa mwezi ilizidi rejesho la mkopo wake mkubwa. Hakuna aliyemwita mfujaji, maana nauli hutoka kidogo kidogo na hakuna anayeiona. Aliponunua gari kuukuu, lililobabuka rangi boneti nzima, ndipo watu walipoanza kumhesabia.

Kuna uchambuzi ninaourudia kila mjadala huu unapozuka. Ulitolewa mwaka 2014 na taasisi ya Urban Institute ya Marekani, kuhusu familia za kipato cha chini zilizokuwa zikipewa ruzuku ya kodi ya nyumba. Waliokuwa na gari walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupata kazi, na mara nne wa kubaki nayo. Hiyo mara nne ndiyo inayonikaa kichwani. Kazi unaweza kuipata kwa barua nzuri na bahati. Kubaki nayo kunataka ufike kila siku, kwa wakati, hata siku mvua imenyesha, mtoto ameamka na homa na basi limejaa. Atatokea mtu aseme labda gari halikuleta kazi, labda mwenye kazi ndiye anayemudu gari. Ana haki ya kusema hivyo, na sehemu ya tofauti ile lazima iwe imetoka huko. Tena nchi yenyewe ni ya watu waliojenga miji yao kwa ajili ya magari. Penye basi kila dakika 10 hoja hii inapungua nguvu. Lakini mtu wa zamu ya usiku mara nyingi hana basi la kila dakika 10.

Ninachokihofia mimi ni namna gari linavyonunuliwa. Muuzaji hukuuliza: kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani? Swali lina sauti ya huruma, na ndilo linaloumiza watu. Chukua mkopo wa 10,000, fedha yoyote ile, kwa riba ya 15% kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Ukiulipa kwa miaka 3, rejesho ni kama 347 kwa mwezi, na riba yote inafika karibu 2,480. Ukiunyoosha hadi miaka 6, rejesho linashuka hadi 211 na mtu anapumua, ila riba inapanda kupita 5,200. Sasa simama katikati ya njia. Umelipa miaka 3 bila kukosa hata mwezi mmoja, na bado unadaiwa 6,100. Gari lenyewe, kama ulilichukua jipya, huenda limebaki na nusu ya bei. Ukiugua au ukiachishwa kazi wakati huo, hata ukiliuza halimalizi deni. Litakamatwa, litapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na pengo litabaki kwenye jina lako.

Hapo bado nimechukua riba ya salio. Riba ikikokotolewa kwenye kiasi cha mwanzo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, 15% hiyo hiyo kwa miaka 3 inakuwa na uzito sawa na karibu 26% ya riba ya salio. Kwenye karatasi imeandikwa 15. Na mkopeshaji kwa kawaida atakudai bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa muda wote wa mkopo, gharama ambayo mwenye gari kuukuu alilolilipia taslimu anaweza kuikwepa.

Washauri wa fedha wana kanuni yao ya 20/4/10: tanguliza 20% ya bei, maliza mkopo ndani ya miaka 4, gharama zote za gari zisizidi 10% ya kipato. Kwa mwenye mshahara mnono ni kanuni nzuri. Kwa mwenye mshahara mdogo, hiyo 10% huenda isitoshe hata mafuta, maana lita moja ina bei moja kwa wote. Ukimwambia afuate kanuni hiyo au akae bila gari, umemwambia akae.

Yule rafiki yangu hakuifuata. Alilipa taslimu baada ya fundi kulikagua gari, na ndani ya dashibodi aliweka daftari lenye safu mbili: kushoto hela linayokula gari, kulia hela linayoleta, yaani posho ya zamu na ile nauli ambayo sasa haitoki. Mwezi wa tatu pampu ya maji ilikufa na safu ya kushoto ikazidi. Alimpigia simu anayemdai kabla ya tarehe, wakakubaliana alete pungufu. Miezi mingine safu ya kulia ilishinda, na tofauti yote aliipeleka kwenye deni lenye riba kali kuliko mengine, likaisha kabla ya mwaka. Ingekufa injini badala ya pampu, hesabu yote ingegeuka, na hilo ndilo jambo la kwanza analomwambia kila anayemwomba ushauri.