Daktari Asiyepima Kifua Hana Saizi ya Kukupa

Ujumbe ulionisukuma kuandika haya uliingia kwenye simu ya mdogo wangu, kutoka kliniki moja inayotangaza upasuaji wa kuongeza matiti. Alikuwa ameuliza utaratibu ukoje. Kabla hajaulizwa umri wake, kabla hajaulizwa kama amezaa na kunyonyesha, au kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti, alijibiwa hivi: "Karibu mpendwa. Tuna 300, 350, 400 na 450. Chagua saizi uipendayo, utume malipo ya awali tukupangie tarehe." Zikafuata picha nne za vifua vya wanawake wasioonyeshwa nyuso, kila picha na namba yake na bei yake.

Namba zile ni mililita, yaani ujazo wa kipandikizi, kile kifuko kinachoingizwa ndani ya titi ili kulikuza, na hasira yangu inaanzia hapo. Kumtaka mwanamke ambaye hujamwona achague mililita ni kumtwika uamuzi wa kitabibu ambao hana namna ya kuufanya, kisha mambo yakiharibika aambiwe kwamba alichagua mwenyewe.

Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo za wanawake, na katika kazi hiyo nimepima vifua vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wanawake wawili wanaovaa namba moja ya sidiria husimama mbele yangu, mmoja ana mabega mapana na titi lililosambaa hadi karibu na kwapa, mwingine ana mbavu nyembamba na titi lake limejikusanya mbele, na gauni la mmoja halimkai mwenzake hata ukilibana vipi. Ukienda Karume kutafuta sidiria za mtumba utakuta moja imeandikwa 34B na nyingine 75B, na zote ni kipimo kilekile, kwa kuwa moja imeshonwa kwa vipimo vya Uingereza na nyingine kwa vya bara Ulaya. Isitoshe, kikombe cha 34B kina ujazo uleule wa 36A na wa 32C, kwa sababu herufi hubadilika kadiri mzunguko wa kifua unavyobadilika. Kwa hiyo mwanamke anayemwambia daktari kwamba anataka C hajampa kitu kinachopimika, na daktari anayemwahidi hiyo C ametoa ahadi ambayo hata watengenezaji wa sidiria hawajakubaliana maana yake.

Mdogo wangu alikubali nimsindikize kwa daktari mwingine, bingwa wa upasuaji rekebishi, na huko ndiko nilikoona kazi hii inavyopaswa kufanywa. Daktari yule hakumuuliza anataka ngapi. Alimuuliza ni kitu gani kinamsumbua, akamwacha aeleze mpaka amalize. Kisha, nesi akiwapo, alimwomba asimame wima, aachie mabega, aweke mikono kiunoni, na akatoa futi kama hii ninayovaa shingoni siku nzima. Alipima kutoka kishimo kilicho chini ya koo hadi kwenye chuchu, kulia kisha kushoto, na akamwonyesha kwamba pande hizo mbili hazikulingana. Alipima kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, kwanza ngozi ikiwa imetulia, kisha akiwa ameivuta. Alipima upana wa titi lenyewe, kuanzia karibu na mfupa wa kati wa kifua hadi linapoishia upande wa kwapa. Mwisho alibana kwa vidole nyama ya sehemu ya juu ya titi ili ajue unene wake, kwa sababu nyama hiyo ikiwa nyembamba, chini ya sentimita 2, kingo za kipandikizi huweza kuonekana au kushikika, na hapo madaktari wengi hupendelea kukiweka chini ya msuli wa kifua. Kila kipimo alikitaja kwa sauti, nesi akakiandika, na mdogo wangu akapewa nakala.

Upana ule wa titi ndio unaotawala yote yanayofuata. Kipandikizi kina sehemu inayolala kifuani na kina kimo kinachosukuma titi mbele, na ujazo mmoja unaweza kugawanywa kati ya viwili hivyo kwa namna nyingi. Vipandikizi viwili vya mililita 300 vinaweza kutoka kiwanda kimoja, kimoja kikiwa bapa chenye upana unaozidi sentimita 12, kingine kikiwa chembamba kilichochomoza sana. Mwenye kifua chembamba akiwekewa kile kipana, kitamfika kwapani na kumkera kila anapoteremsha mkono, au kitasogea katikati mpaka matiti yakaribie kuungana juu ya mfupa wa kifua. Mwenye kifua kipana akiwekewa kile chembamba, matiti yatasimama mbalimbali na katikati litabaki pengo ambalo hakuna sidiria italifunga. Namba iliyotumwa kwenye simu haikusema lolote kuhusu hayo. Mwanamke wa kwenye picha ya 350 huenda ana mbavu pana na alikuwa na matiti yake ya kutosha kabla ya kuongezwa. Mililita zilezile kwenye mwili wa mdogo wangu zingetoa umbo jingine kabisa.

Ujazo nao una uzito. Jeli ya silikoni inakaribia uzito wa maji, hivyo mililita 450 ni karibu gramu 450 kila upande, karibu kilo moja kwa pande mbili, inayobebwa na ngozi na tishu laini kwa miaka yote ambayo kipandikizi kitakaa mwilini. Ngozi iliyobebeshwa kupita uwezo wake hutanuka na kuwa nyembamba, tishu za titi hubanwa na kusinyaa, na kipandikizi huweza kushuka chini ya mkunjo wake hadi chuchu ikabaki inatazama juu. Kukitoa peke yake hakurudishi kifua kilivyokuwa. Ndiyo maana nalichukulia kuwa jambo zito sana daktari anaposema hapana kwa namba kubwa. Daktari anayemwambia mteja wake kwamba kifua chake kina mwisho, na kumwonyesha mwisho huo kwa sentimita, anamfanyia hisani ambayo huenda mteja asiione siku ile, na anaifanya huku akijua kwamba mteja anaweza kuondoka na kupeleka fedha zake kwa mwingine atakayekubali.

Kwa kulinganisha, kati ya 300 na 325 kuna mililita 25, yaani vijiko 5 vya chai. Wapo wanawake wanaokosa usingizi kwa tofauti hiyo ilhali hakuna aliyewahi kuwapima upana wa kifua.

Hoja inayotolewa dhidi ya tahadhari hii naifahamu, na mdogo wangu aliisikia kutoka kwa rafiki zake kabla hajaisikia kwa daktari yeyote: wanaojuta wengi hujuta kwamba hawakuchukua kubwa zaidi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kauli hiyo si ya uongo. Wanawake wengi husema hivyo miezi michache baada ya upasuaji. Lakini tuangalie kauli hiyo inatolewa lini. Wiki za kwanza matiti huwa yamevimba na yamekaa juu. Uvimbe ukiisha na vipandikizi vikashuka mahali pake, mwenye mwili huona amepungukiwa. Jicho nalo huzoea haraka, na kilichoonekana kikubwa mwezi wa kwanza huonekana cha kawaida mwezi wa sita. Huo ndio wakati wanawake wanapoulizwa wanajisikiaje, na huo ndio wakati video za matangazo zinaporekodiwa. Nani anarudi kumuuliza mwanamke huyo baada ya miaka 10, akiwa amenyonyesha, amepungua au ameongezeka mwili, na ngozi ya chini ya titi imechoka? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inasema wazi kwamba vipandikizi si vifaa vya maisha yote, na kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 walioongezewa matiti hulazimika kuviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Anayechagua saizi leo anachagua pia hali ya ngozi atakayorudi nayo kwenye meza ya upasuaji mara ya pili, na mwili wa mara ya pili hautakuwa na akiba aliyokuwa nayo mara ya kwanza. Haki ya mwanamke ni kuambiwa hilo akiwa bado ameketi kwenye kiti cha ushauri, nguo zake zikiwa mwilini na fedha zake zikiwa mkobani.

Hasira yangu ni kubwa zaidi kwa ajili ya wanawake walionyonyesha. Wengi wao hawaendi kutafuta ukubwa. Wanaenda kwa sababu titi limelegea na kuwa tupu sehemu ya juu, na wanataka lirudi lilipokuwa. Kipandikizi hujaza, lakini hakiinui titi lililoshuka sana. Chuchu ikiwa imeteremka chini ya mkunjo, kinachohitajika ni upasuaji wa kuinua matiti, pamoja na kipandikizi au bila hicho. Upasuaji wa kuinua huacha makovu mengi zaidi, huchukua muda mrefu na hugharimu zaidi, kwa hiyo kishawishi ni kumwekea mama huyo kipandikizi kikubwa ili kijaze ngozi yote iliyolegea. Ngozi iliyokwisha kulegea inaongezewa uzito wa kudumu. Atafurahi kwa muda, kisha titi litashuka tena likiwa zito kuliko mwanzo. Mama aliyelea watoto watatu kwa kifua chake anastahili kuelezwa kwamba tatizo lake halimo kwenye orodha ya mililita.

Kuhusu kujaribu saizi nyumbani, nina neno zuri la kusema. Kliniki makini zina vipandikizi vya majaribio ambavyo mteja huvaa ndani ya sidiria laini isiyo na sponji, akavaa fulana ya kubana juu yake na kujitazama kwenye kioo. Baada ya ushauri ule wa pili nilimshonea mdogo wangu vifuko viwili vya pamba, tukapima mchele kwa kikombe cha jikoni chenye alama za mililita, na akakaa navyo kutwa nzima akifua, akiinama kufagia, akipanda daladala na kujaribu kulala kifudifudi. Jioni alipunguza mchele mwenyewe bila mimi kusema neno. Mchele hauwezi kuonyesha umbo halisi, kwa kuwa kifuko kinakaa nje ya titi ilhali kipandikizi kinakaa ndani na kubanwa na tishu, lakini unafundisha mwili kuhusu uzito na upana, na unampa mwanamke maneno yake mwenyewe ya kwenda nayo kwa daktari.

Picha pia sizikatai. Daktari mzuri huomba aletewe picha za matiti ambayo mteja anayapenda na, muhimu zaidi, za yale asiyoyapenda, kwa sababu mtu anayesema anataka "ya kawaida" huenda anafikiria umbo ambalo daktari angeliita kubwa. Ninachokataa ni picha kugeuzwa kuwa kipimo. Wala simo katika mjadala wa kama mwanamke aongeze matiti au aridhike na alivyoumbwa; huo ni uamuzi wake, na aliyeondolewa titi kwa saratani ana sababu ambazo sisi wengine hatuna haki ya kuzihoji.

Historia yenyewe ya vipandikizi hivi inatosha kututia uangalifu kuhusu nani anasukuma uamuzi. Timmie Jean Lindsey, mwanamke wa kwanza kuwekewa vya silikoni, mjini Houston mwaka 1962, alikwenda hospitalini kuondolewa mchoro wa chale kifuani. Wazo la kuongezwa matiti lilitoka kwa madaktari.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Marekani vipandikizi vya silikoni kwa ajili ya kuongeza matiti vimeidhinishwa kwa wenye umri wa miaka 22 na kuendelea, na tangu Oktoba 2021 daktari anatakiwa apitie na mteja orodha maalumu ya hatari kabla ya upasuaji. Dai kadi yenye jina la kiwanda na namba ya kipandikizi chako. Wanawake waliowekewa vya kampuni ya Ufaransa ya PIP, ambayo mwaka 2010 iligundulika ikitumia silikoni isiyo ya kitabibu, waliihitaji sana kadi hiyo. Anayesafiri Istanbul au kwingineko akiwa amekubaliana saizi kwa simu, na kukutana na daktari asubuhi ya upasuaji, yuko katika hali ileile ya mdogo wangu mbele ya ule ujumbe.

Na fomu ya ridhaa isomwe kabla ya siku yenyewe. Katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, daktari anaweza kuingiza vipandikizi vya majaribio, akainua meza ili kifua kikae kama cha mtu aliyeketi, na kugundua kwamba saizi waliyopanga haikai vizuri. Lazima wawe wamekubaliana mapema afanye nini hapo. Mdogo wangu na daktari wake waliandika kiwango cha chini na cha juu, wakaandika upana ambao hautazidishwa kwa hali yoyote, na chini yake akaongeza kwa mkono wake kwamba daktari akisita kati ya saizi mbili, achukue iliyo ndogo.