Jeshi letu halikuzaliwa mwaka 1964

Kila Septemba Mosi redio na televisheni hutukumbusha kwamba Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa siku hiyo, mwaka 1964. Kwa karatasi ni kweli. Lakini sisi tunaoishi chini ya mlima, Moshi na Arusha, tuna kila sababu ya kuikataa hadithi inayoanzia hapo. Jeshi lina tarehe ya kuzaliwa na lina wazazi pia, na hawa wazazi tumewaficha chumba cha uani kwa sababu walivaa sare ya Mfalme.

Nawazungumzia wazee wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika huku Afrika Mashariki, na hasa batalioni ya sita, ile ya Tanganyika. Nasema historia ya kikosi kile ni historia ya jeshi letu, pamoja na machafu yake, na ingepaswa kufundishwa kwa pumzi moja na vita vya Kagera. Najua wengi hawatanielewa. Twende taratibu.

Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ilipiganwa mlangoni. Moshi ndiko reli ya kutoka Tanga ilikoishia, na Novemba 1914 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliitumia reli hiyo kuteremsha kompania zake hadi Tanga, akawatimua Waingereza waliokuwa wametoka kushuka melini. Siku zile zile, tarehe 3 Novemba, Waingereza wengine walijaribu kuuteka mlima Longido, wakashindwa. Leo watu wanaupita wakienda Namanga bila hata kugeuza shingo. Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata upande wa Taveta, Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, akaingia Moshi.

Sasa angalia kilichofuata. KAR ilikuwapo tangu 1902, lakini batalioni yake ya sita, ambayo mwanzoni ilikuwa ya Somaliland, ilivunjwa mwaka 1910. Mwaka 1917 namba ile ikafufuliwa hapa, na wengi walioijaza walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa vitani. Mtu aliyempiga Mwingereza risasi Longido angeweza kabisa, miaka mitatu baadaye, kusimama wima mbele ya bendera ya Mwingereza huyo huyo. Kikosi cha kwanza cha Tanganyika chini ya Waingereza kilianza hivyo, na watu waliokwisha kupigana upande wa pili.

Ndiyo maana neno "kibaraka", tunalolitupa kirahisi vijiweni, halinitoshi. Askari wa wakati ule alikuwa na mshahara, posho ya chakula, mahali pa kulaza mke na watoto, na heshima fulani mitaani ambayo mpagazi hakuwa nayo. Kazi yenyewe ilikuwa ya ukatili, na mara nyingi iliwaangukia Waafrika wenzake. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Ilipokuja vita ya pili, batalioni ya sita ikapelekwa Ethiopia kupambana na Waitaliano. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito, vifaru vya Waitaliano viliwajia kwa ghafla. Sajini mmoja mzungu wa kikosi hicho, Nigel Leakey, alirukia kifaru na kuwaua waliokuwa ndani, isipokuwa dereva, akaenda kujaribu kingine akauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Alistahili, sibishi. Lakini jaribu kutaja jina la askari mmoja wa Kitanganyika aliyekuwa naye Colito siku ile. Kizungu jina linabaki, Kiafrika inabaki idadi.

Mwaka 1942 batalioni ikaenda Madagaska ndani ya Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Ilishuka Majunga mwezi Septemba, Antananarivo ikachukuliwa mwezi huo huo, Novemba Wafaransa wakasalimu amri. Vita hivi tungevisahau kabisa kama si kijana mmoja wa Butiama aliyejiunga na KAR mwaka huo wa 1942 na kufika Madagaska: David Msuguri. Jina hilo litarudi.

Kisha Burma, Myanmar ya leo, kupigana na Wajapani. Hapa sikubali kupita haraka, maana hapa ndipo Afrika Mashariki ilipotoa divisheni nzima ya askari wa miguu: Divisheni ya 11, iliyoundwa mwaka 1943 chini ya Meja Jenerali Fowkes, alama yake begani kichwa cha kifaru. Namaanisha kifaru wa porini. Ilikuwa na brigedi tatu, na ndani yake mlikuwa na watu wa Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Za kwetu zilikuwa batalioni ya 26 na ya 36. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini kilichokatwakatwa sarufi, ambacho hata maofisa wa Kizungu walilazimika kukijua.

Divisheni ilianza kupoteza watu wake kabla haijafyatua risasi hata moja. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, na sehemu kubwa walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi kilichokuwa cha divisheni hiyo.

Waliobaki walipelekwa bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule, kuanzia Agosti 1944. Divisheni nyingine zilikuwa zimechoka, na kawaida ya wakati ule ilikuwa kusimamisha vita mpaka mvua ziishe. Jenerali Slim, kamanda wa jeshi la Waingereza kule Burma, hakutaka kusimama, akawatuma Waafrika wawafukuze Wajapani ndani ya matope. Barabara ilikuwa uji. Malori yalizama, vyakula vikadondoshwa kwa ndege, malaria na homa nyingine zikaangusha watu kama risasi zinavyoangusha. Waliendelea hivyo hivyo hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba, wakavuka na kushika ng'ambo. Hapo wahandisi wakajenga daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa kama mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule, na jeshi la Slim likapata njia ya kuingia Burma ya kati. Divisheni ya kifaru ikarudishwa India kupumzika. Sifa za Mandalay na Rangoon zikaenda kwa waliopita juu ya daraja.

Wakati huo huo hapa Tengeru walikuwa wakiishi maelfu ya wakimbizi wa Kipoland, wanawake na watoto wengi, waliokimbizwa na vita ile ile. Makaburi yao yapo, yanatunzwa vizuri, yana mlinzi, yana kitabu cha wageni, na napenda kuwapeleka wageni pale. Kila nikitoka huwa najiuliza mjukuu wa askari wa batalioni ya 36 anampeleka wapi mgeni wake.

Waliorudi kutoka Burma hawakuletewa nchi huru kwenye sahani. Na wengine walibaki jeshini, wakatumwa kazi ambayo mpaka leo inachoma. Baada ya 1952 batalioni ya 26 ya Tanganyika ilipelekwa Kenya kupambana na Mau Mau. Siwezi kuitetea historia hii kwa kuruka ukurasa huo. Watu wa Tanganyika walisaidia kuwawinda watu wa Kenya waliokuwa wakidai ardhi yao. Ukisema KAR ni wazazi wa jeshi letu, basi na hili umelirithi. Wanaotaka tuanzie 1964 nadhani ndicho wanachokimbia, ingawa hawakisemi.

Tarehe 9 Desemba 1961, usiku wa uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Kila mtoto wa Moshi anaijua habari hiyo kabla hajajua kuandika. Alikuwa ofisa wa jeshi lipi? La Tanganyika Rifles, ambalo mpaka mkesha wa siku hiyo liliitwa KAR. Batalioni ya sita ikawa ya kwanza ya Tanganyika Rifles, ya 26 ikawa ya pili. Jina lilibadilika, ofisa alikuwa yule yule, buti zilikuwa zile zile. Mwenge tumeukumbatia, buti tumezisahau.

Halafu Januari 1964 maasi. Yalianza tarehe 20 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Ndiyo, Colito ile ile ya Ethiopia. Kambi ilipewa jina la vita ya mwaka 1941. Askari walidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika badala ya Wazungu. Tarehe 25 Waingereza, walioombwa na serikali, wakashuka na kuwanyang'anya silaha. Tanganyika Rifles ikavunjwa, JWTZ ikaanzishwa, na aliyepewa kuliongoza ni mtoto wa Meru, Mrisho Sarakikya, ofisa aliyekuwa amelelewa na jeshi lile lile lililovunjwa. Kambi nayo ikaitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 Mkwawa aliwaangamiza Wajerumani wa Zelewski. Jina zuri, nalipenda. Ila tukumbuke kwamba wengi waliokufa Lugalo upande wa Zelewski walikuwa askari Waafrika.

Anayesema 1964 ilikata kila kitu namwomba atazame Kagera. Mapema mwaka 1979 Divisheni ya 20 ya JWTZ iliingia Uganda, na aliyekabidhiwa kuiongoza ni Msuguri, yule kijana wa Madagaska, sasa Meja Jenerali. Lukaya, tarehe 10 Machi, brigedi ya 201 ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikarudi nyuma kwa fujo. Msuguri akaipanga upya, akaileta brigedi ya 208 kwa ubavu, na kesho yake usiku wakashambulia pande mbili. Walibya hawakuamini. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Wakati mapigano yakiendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi, 24 hadi 26 Machi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule.

Na upande wa pili alikuwapo nani? Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946 na kutumika Kenya wakati wa Mau Mau. Alipenda kujigamba kwamba alipigana Burma, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyeandikishwa vita ikiwa imekwisha. Kwa hiyo Lukaya ilikuwa vita ya wanafunzi wawili wa shule moja, mmoja aliyeiona vita ya kweli na mwingine aliyeiazima. Ukianza hadithi mwaka 1964, hili hulioni kabisa.

Msuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akafariki Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100. Alipokufa tulimlilia kama shujaa wa Kagera, na ndivyo ilivyopasa. Madagaska ikatajwa kwa sentensi moja, kama vile ilikuwa safari ya ujana.

Basi naomba mambo mawili, la pili kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ni kwa walimu wa historia wa Arusha na Kilimanjaro: Longido ni safari ya asubuhi moja, na Moshi kuna makaburi ya vita mjini. Wapelekeni watoto, muwasomeshe huko, na msikwepe ukurasa wa Kenya.

La pili ni kwa familia. Wazee wa Burma karibu wote wamekwisha, lakini masanduku yao yapo Marangu, Machame, Usa River, Monduli na kwingineko. Ndani yake kuna kitabu cha utumishi chenye namba ya jeshi na jina la batalioni, pengine nishani mbili tatu zenye utepe uliochakaa, pengine picha iliyopigwa India. Wanunuzi wa vitu vya kale wanapita, wanatoa bei ya mbuzi. Kabla hujauza, piga picha kila ukurasa kwa simu, andika jina la babu kamili, kijiji chake na namba yake, uwagawie ndugu wote. Nishani ukiamua kuiuza baada ya hapo, hiyo ni shauri yako.