Bukari Iliyosimamisha Delta

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasimulia katika nganda (baa) moja ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwamba nililia mbele ya wakuu wa kazi, naona ni haki yangu kujieleza kabla habari ya bukari, ugali wetu wa huku, haijafika Likasi. Sikulia. Ni wakati wa kiangazi, na vumbi jekundu la hapa mnalijua wenyewe.

Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila usiku data za depo ya vipuri zinachopolewa kutoka SAP, mfumo wa kompyuta tunaosajilia kazi, na kuingia BW, ghala lake la data, ambako ripoti hutengenezwa. Uchopoaji wetu ni wa delta, yaani huleta yale tu yaliyobadilika tangu mara ya mwisho. Mzigo mmoja wa data ukiwaka taa nyekundu, yaani ukishindwa, ule unaofuata hukataa kuingia. Jumatatu taa iliwaka nyekundu, na Jumanne pia. Nilifungua RSA3, chombo cha kujaribia uchopoaji, nikaona rekodi zote zimetoka salama, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba upande wetu ni safi. (Enyi mnaojua, msicheke bado: najua kwamba RSA3 hutazama chanzo tu, na kwamba herufi zisizoruhusiwa hugunduliwa upande wa BW. Najua leo.) Baada ya hapo niliulaumu mtandao, kisha jenereta, na hatimaye Papa wa depo, mzee wa watu, ambaye nilidai kwamba anaandika ovyo kwa sababu hubonyeza kibodi kwa kidole kimoja.

Jumatano tuliitwa mkutanoni. Papa wa depo alikaa karibu na mlango, kofia yake magotini. Mkurugenzi aliniomba nionyeshe ujumbe wa kosa ukutani, kwa projekta, na mimi, ambaye kwa siku mbili nilikuwa nimesoma nusu yake ya kwanza tu, nikaufungua kwa mbwembwe zote. Ujumbe ulijitokeza polepole, kwa maana kompyuta yangu nayo ni mzee. Kwanza likaonekana neno la kosa. Kisha namba ya rekodi. Kisha, katikati ya alama za kunukuu, ikaonekana ile thamani iliyokataliwa, na Mkurugenzi, ambaye ana miwani mipya, akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno:

«!!! SHEFU ANANIPOTEZEA MUDA BUKARI INAPOA»

Hakuna aliyekohoa. Nilimtazama Papa wa depo, naye akanitazama kwa huruma, akasema: «Mtoto wangu, mimi bukari naila, siiandiki.» Mkurugenzi akaomba hati yenyewe ifunguliwe. Mkono wangu ulikuwa mzito kama gunia la chokaa. Niliandika namba ya hati, nikakosea, nikaandika tena, na pale chini, penye jina la aliyeingiza, likatokea jina langu, pamoja na saa: Ijumaa, jioni, wakati Shefu aliponibakiza kazini nisajili tairi mbili za lori lililokuwa likisubiri getini.

Niseme ukweli wote, maana rafiki yangu hakuufahamu. Sehemu ile ya maandishi huru nilimoandika maneno hayo, yenye nafasi ya herufi 50, haikuwamo katika ripoti zetu. Niliiongeza mimi mwenyewe, kwa kujionyesha, nikaipokea BW kama sifa, yaani kama kitu cha kupangia ripoti, si namba ya kujumlisha. Na BW haikubali thamani ya sifa inayoanza na alama ya mshangao. Ningeandika matusi yale yale bila alama hizo tatu, yangepita kimya kimya na kulala humo miaka mingi bila mtu kuyaona. Nilinaswa na uakifishaji.

Yaliyobaki ni mafupi: niliomba msamaha kwa Shefu, kwa Papa, na kwa jenereta, nikaandika mistari michache ya programu inayofuta alama hiyo mwanzoni mwa maandishi, nikarudia mzigo, taa ikawa ya kijani kabla ya chakula cha mchana.

Jana asubuhi nilipitia rekodi mpya za depo. Kwenye hati ya mafuta ya breki, Papa alikuwa ameandika kwa kile kidole chake kimoja: «BUKARI ILIPATA MOTO TENA?» Aliweka alama ya kuuliza, mwishoni, mahali pake. Mzigo ukapita bila tatizo.