Mita moja, vyumba sita: umaskini wa nishati unapimwaje?

Kenya imo kwenye orodha ya nchi za kipato cha kati tangu 2014, na ukipita Kisauni, Mombasa, usiku utaona taa karibu kila dirisha. Kwa wanaouliza tu kama nyumba ina stima au haina, mjadala wa umaskini wa nishati, yaani kushindwa kumudu nishati ya kutosha nyumbani, ungeishia hapo.

Kipimo kinachojulikana zaidi kilitoka Uingereza. Mwaka 1991 mtafiti Brenda Boardman alipendekeza kwamba kaya inayohitaji kutumia zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake kwa nishati ihesabiwe kuwa maskini wa nishati. Ni hesabu nyepesi, hata mwananchi wa kawaida anaweza kumbana nayo kiongozi. Lakini ilitungwa kwa nchi ya baridi, na ilihusu mahitaji ya kaya. Wengi wanaoiiga huishia kupima matumizi. Familia ya Likoni inayozima feni katika joto la Machi ili tokeni za stima zifike mwisho wa wiki hutumia kidogo, kwa hiyo kwenye karatasi haina shida yoyote.

Halafu kuna mahamri na mbaazi. Wapangaji wengi hununua kifungua kinywa mlangoni, maana kuwasha jiko la makaa alfajiri kwa ajili ya sufuria moja ya mbaazi ni hasara. Mdadisi ataiandika pesa hiyo kama chakula, ilhali sehemu yake imelipia makaa ya muuzaji.

Benki ya Dunia ilijaribu njia nyingine mwaka 2015: ngazi kutoka 0 hadi 5, zinazotazama saa za umeme, ubora, usalama, gharama na mengineyo. Ngazi ya juu inataka angalau saa 23 kwa siku. Picha inapatikana kwa upana wake, ila dodoso ni refu na ghali, na kaya hupewa ngazi ya kigezo chake kibovu kuliko vyote. Mwenye friji na kiyoyozi ambaye stima yake hupotea kwa saa nyingi kila siku anaweza kushushwa hadi karibu na mwenye balbu moja. Hilo mimi halinishawishi.

Ningebaki na hesabu nyepesi, lakini irekebishwe. Kwanza iulize watu wameacha kufanya nini. Pili iulize pesa hutakiwa vipi: makaa hununuliwa kwa kopo, gesi kwa kawaida hudai bei ya mtungi mzima kwa mkupuo. Kodi ya VAT kwenye gesi ya kupikia ilirudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa, ikaondolewa 2023; mkupuo ukabaki palepale.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ihesabu vyumba badala ya mita. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita vya kupanga, mita moja ukumbini. Kila chumba kina taa, feni na simu ya kuchaji. Kikiwa peke yake kinaweza kubaki chini ya 30. Sita kwa pamoja huvuka, na kila yuniti yao inakuwa ghali kuliko ya mwenye fleti Nyali anayekuja likizo tu. Najua pingamizi: bei ikifuata vyumba, mwenye nyumba atataja wapangaji hewa ili apate bei nafuu. Wapo watakaofanya hivyo. Kwa utaratibu wa sasa, hata hivyo, anayepewa nafuu ni yule wa likizo.