Kinyama cha utumbo mpana kikishatolewa, ulizia majibu ya maabara
Kwenye makala yenu mnaposema mtu akishatolewa vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana (polipu) amepona na hana haja ya kurudi hospitali, sikubaliani kabisa, na kauli hiyo ni ya hatari. Kukata peke yake hakutoshi. Kinyama cha chini ya milimita 10 kwa kawaida hunaswa na kitanzi cha waya na kukatwa bila umeme, kisha kinapelekwa maabara, na majibu hayo ndiyo yanayopanga tarehe ya kurudi. Kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, adenoma (vinyama vinavyoweza kugeuka saratani) ndogo 1 au 2 za kawaida, kipimo cha kamera ya utumbo mpana (kolonoskopi) kirudiwe baada ya miaka 7 hadi 10. Zikiwa 5 hadi 10, au hata moja ikifika milimita 10, miaka 3. Ya milimita 20 na zaidi iliyotolewa vipande vipande, miezi 6 tu, maana mabaki yakibaki pembeni mwa kovu huota tena. Na utumbo usiposafishwa vizuri (dozi ya pili ya dawa ya kusafisha ianze kunywewa zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo), vile vinyama bapa vya upande wa kulia hufichwa na kinyesi. Wasomaji wenzangu mliotolewa vinyama, mlipewa majibu ya maabara kwa maandishi?